Mikunjo ya Mkopo

Kwa fundi mapazia, chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Cherehani mbili zilikaa karibu na dirisha, meza ya kukatia ilikaa katikati, na majora ya vitambaa yalijaa mpaka kwenye kochi. Mgeni akija, jora huhamishwa kwanza, ndipo apate pa kukaa. Mume wake, aliyekuwa akipaka rangi nyumba za watu, alizoea kulalamika kwamba katika nyumba ile kitambaa kinaheshimiwa kuliko yeye. Fundi hakumbishia.

Binti yao wa pekee majirani walimbandika jina la Waya. Tangu mdogo alipenda kufungua redio, pasi na rimoti ili aone kilichomo ndani. Kufungua alijua mapema. Kufunga alijifunza baadaye, na redio mbili za baba yake zilikuwa zimeshakwenda na maji. Lakini sasa Waya alikuwa msichana mkubwa, amemaliza sekondari na amefaulu vizuri. Redio ya jirani ikikohoa, aliletewa yeye.

Chuo kimoja kikubwa, chenye majengo ya vioo, kilimpa nafasi ya kusomea shahada ya teknolojia ya uhandisi wa kompyuta. Ni masomo ya kuunganisha kompyuta, kuzipima, kuzitengeneza, na kufunga mitandao inayoziwezesha kuwasiliana. Waya aliposoma ujumbe ule, aliusoma tena kwa sauti. Kisha akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na mama yake naye akamfuata.

Chuo kiliwapa pia bango. Kwenye bango alikuwepo kijana amevaa joho, anatabasamu meno yote nje, mkononi ameshika kipande cha ndani ya kompyuta. Chini yake paliandikwa kwa herufi kubwa: Wahitimu wetu hupata hadi milioni moja na nusu kwa mwezi. Baba alilibandika ukutani, juu ya kochi. Kila mgeni alisomewa. Ila neno "hadi" baba alilimeza kila mara, na hakuna aliyemuuliza limekwenda wapi.

"Milioni moja na nusu kwa mwezi," alikuwa akisema. "Binti yangu anakwenda kuwa injinia. Na mimi mniite baba injinia."

Pesa za ada hawakuwa nazo. Wakaenda chuoni kwenye dawati la mikopo. Karani wa mikopo alikuwa kijana mwenye tai na tabasamu lisilokatika.

"Karibuni, wazazi wangu," akasema. "Mambo ni rahisi. Milioni tano kila mwaka, kwa miaka minne. Ada, bweni, chakula, vyote vimo humo."

Fundi akauliza swali lake la siku zote. "Kwa mwezi tunalipa ngapi?"

"Wakati anasoma, mama? Hamlipi kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mtaanza kulipa akimaliza."

Fundi na mumewe wakatazamana. Nyumba yao nzima ilikuwa imenunuliwa kwa swali lile moja. Friji, kochi, cherehani ya pili, vyote waliuliza kwa mwezi ngapi, na jibu likiwa dogo walisema sawa. Bei yote ya friji mpaka leo hawaijui. Na sasa jibu lilikuwa sifuri. Ni nani angeikataa sifuri? Tusiwacheke sana, maana wengi wetu tungetoka pale tukiruka kama wao.

"Kuna jambo dogo la dhamana," karani akaongeza. "Kiwanja chenu na zile cherehani vinatosha. Ni utaratibu tu. Tieni saini, mniletee karatasi Ijumaa."

Kiwanja kile kilikuwa ndicho kitu pekee walichokuwa nacho nje ya jasho lao. Walikinunua Waya akiwa anatambaa. Lakini siku ile fundi hakuhisi uzito wowote. Aliziweka karatasi kwenye mkoba, akarudi nyumbani akiimba.

Jumanne fundi alikwenda dukani kununua kitambaa. Duka lilikuwa limejaa vumbi la ukuta, maana mwenye duka alikuwa anafungiwa kamera za ulinzi. Kijana mmoja alikuwa juu ya ngazi, anatoboa ukuta kwa drili. Fundi akasogea pembeni asimwagikiwe vumbi. Akainua macho. Akayashusha. Akayainua tena.

Sura ile alikuwa akiiona kila siku juu ya kochi lake.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Wewe siye wa kwenye bango? La chuo kile cha vioo?"

Kijana akazima drili. Akacheka, lakini si kwa furaha. "Shikamoo, mama. Ndiye mimi. Bado wanalitumia?"

"Marahaba. Tumelibandika sebuleni." Fundi alimtazama kijana, akaitazama ngazi, akaitazama suruali yake iliyojaa vumbi. "Nisamehe kukuuliza. Ile milioni na nusu, unaipata kwa kufunga kamera?"

Kijana alishuka taratibu, akajipangusa mikono. "Mama, ile picha nilipigwa nikiwa mwaka wa pili. Joho niliazimwa. Kile nilichoshika mkononi kilikuwa kimeharibika, walikitoa kwenye pipa. Na ile pesa iliyoandikwa chini sijawahi kuishika."

"Sasa ni ya nani?"

"Yupo mmoja aliyemaliza miaka mingi kabla yetu. Yuko nje ya nchi, ni mkubwa kazini. Ndiyo maana wakaandika hadi. Mimi nilianza na laki tano na nusu mkononi. Sasa nimefika laki saba na nusu, na hapo ni mpaka nichukue vibarua vya Jumamosi na Jumapili kama hiki."

Fundi akatikisa kichwa. "Lakini wewe ni injinia."

"Hapo ndipo wengi tulipoteleza, mama. Kuna uhandisi wa kompyuta, na kuna teknolojia ya uhandisi wa kompyuta. Wa kwanza anasomea zaidi kubuni. Sisi tunasomea zaidi kufunga, kupima na kutengeneza. Kazi yetu ni nzuri, naipenda, siibadilishi. Lakini waajiri wengi huanza kutulipa kama mafundi. Bango halikusema hivyo, na sisi hatukuuliza."

"Na mkopo? Ulikopa?"

"Milioni ishirini. Nimelipa miaka minne sasa, sijaruka hata mwezi mmoja. Naishi kwa dada yangu ili niweze kulipa." Akaiweka drili chini. "Hebu kisia, mama, leo nadaiwa ngapi."

"Kumi na mbili?"

"Milioni ishirini, kasoro kidogo."

Fundi alikaa chini. Hapakuwa na kiti, alikaa juu ya jora la mtu. Alidhani hakusikia vizuri. "Ulikopa ishirini, umelipa miaka minne, na unadaiwa ishirini?"

"Ndiyo, mama."

"Haiwezekani."

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Nilikwenda benki nikagombana nao. Wakanifanyia hesabu mbele yangu, nikarudi nyumbani nimenywea."

Aliandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi. "Mwambie binti yako anipigie. Nitamwambia kila kitu, na nitampa na namba za wenzangu." Kisha akarudi juu ya ngazi. Fundi alitoka dukani bila kitambaa. Alifika nusu ya njia ndipo akakumbuka alichokuwa amekifuata.

Siku ya pili, Mama Riba alikuja kuchukua mapazia yake. Huyu alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, ofisa wa mikopo katika chama cha akiba. Jina la Mama Riba alipewa kwa utani, kwa sababu mtu hawezi kumtajia neno kununua bila yeye kuuliza riba ni kiasi gani. Mwenyewe alilipenda. Alikuwa na sauti kubwa na cheko kubwa zaidi.

"Shoga, mbona umenuna hivyo?" akauliza. "Kitambaa kimekatwa vibaya au mume kakatwa vibaya?"

Fundi hakucheka. Alimweleza yote, bango, sifuri, kijana wa ngazi. Waya alikuwa kwenye kona, anafungua pasi ya mtu. Mikono yake ilisimama.

"Anatia chumvi yule," fundi akamalizia. "Mtu hawezi kulipa miaka minne deni likabaki pale pale. Si ndiyo?"

Mama Riba alihamisha jora, akakaa. "Nikuulize kitu cha kazi yako. Mteja akikuambia dirisha lake lina upana wa mita mbili, unakata kitambaa cha mita mbili?"

"Nimerukwa na akili? Nakata mita nne. Wengine wanataka hata tano."

"Zote hizo za nini?"

"Mikunjo. Pazia bila mikunjo ni shuka iliyotundikwa."

"Basi na mkopo una mikunjo yake. Inaitwa riba. Wewe uliambiwa upana wa dirisha. Kitambaa hukuambiwa, na hukuuliza. Riba yao ni asilimia ngapi?"

Fundi hakujua. Alikuwa amelala na zile karatasi chini ya mto kwa siku kadhaa, na hakujua. Alimtazama Waya. Waya alizileta, akatafuta kwa kidole.

"Asilimia kumi na mbili kwa mwaka," akasoma.

"Yaani kila mia moja unayodaiwa inazaa kumi na mbili kila mwaka," Mama Riba akasema. "Na inaanza kuzaa lini?"

Waya alisoma kimya. Sauti yake ilishuka. "Tangu siku pesa inapotoka."

"Lakini karani alisema wakati anasoma hatulipi kitu," fundi akasema.

"Na hakusema uongo. Hamlipi. Lakini mnadaiwa. Riba msiyoilipa inaongezwa kwenye deni, halafu nayo inaanza kuzaa. Nipe chaki."

Alichukua chaki ya kukatia, akaandika juu ya meza. Milioni tano ya mwaka wa kwanza ilikaa miaka minne ikizaa. Ya pili mitatu. Ya tatu miwili. Ya nne mmoja. Alijumlisha kwa simu yake, akawaonyesha.

"Siku Waya anapovaa joho, hajalipwa hata senti moja, anadaiwa karibu milioni ishirini na saba."

Fundi alishika kichwa. "Saba zimetoka wapi?"

"Ni mikunjo. Tena hatujamaliza. Akilipa deni hilo kwa miaka kumi, kila mwezi ni laki tatu na elfu themanini na nne. Hesabu yote, mpaka siku anamaliza, ni milioni arobaini na sita."

Waya alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alikuwa amezoea kuwakasirikia wateja wanaokuja na pesa ya mita mbili wakitaka pazia lenye mikunjo. Kumbe yeye alikuwa hivyo hivyo, tena kwa mtoto wake mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Mlango ukafunguliwa, baba akaingia kutoka kazini, rangi nyeupe hadi kwenye nyusi. Walimweleza. Hakutikisika.

"Laki tatu na themanini si kitu," akasema. "Mshahara ni milioni na nusu. Zinabaki zaidi ya milioni. Mnaogopa nini?"

"Aliyesema hivyo analipwa laki saba na nusu," fundi akajibu. "Baada ya miaka minne kazini. Alianza na laki tano na nusu."

"Nani huyo?"

"Huyo hapo nyuma yako."

Baba aligeuka. Alitazamana na kijana wa bango kwa muda, kana kwamba anasubiri akanushe. "Huyu?"

"Huyo. Jana nimeongea naye. Anaishi kwa dada yake."

Baba alivuta kiti, akasahau kuhamisha jora, akakalia kitambaa cha watu kwa suruali ya rangi. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, fundi hakumfokea.

"Nimewaambia watu wote," baba akasema polepole. "Kazini wananiita baba injinia."

"Kwa hiyo nisisome?" Waya akauliza. Midomo ilikuwa inamtetemeka. "Si mseme tu. Nibaki hapa nifungue pasi za watu mpaka nizeeke."

"Nani kasema usisome?" Mama Riba akamkatiza, lakini kwa upole. "Nisikilize, mwanangu. Kusoma si kosa. Kukopa nako si kosa, mimi nimesomeshwa na mkopo. Kwa kawaida mwenye shahada, miaka ikipita, hupata zaidi ya asiye nayo. Kosa ni kukopa mkopo usiolingana na mshahara utakaoanza nao. Pale kazini tuna kipimo chetu. Deni lote lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza. Tuseme unaanza na laki sita kwa mwezi, hiyo ni milioni saba na kidogo kwa mwaka. Wewe ungedaiwa ishirini na saba. Hiyo ni karibu mara nne."

"Na huo mshahara wa mwaka wa kwanza nitaujuaje? Bango limeshatudanganya."

"Usiulize wa juu kabisa anapata ngapi. Wapange wote kwenye mstari, wa chini mpaka wa juu, halafu umuulize aliyesimama katikati. Huyo ndiye anayefanana na wewe. Na uliza jambo la pili, wangapi walianza na wangapi walimaliza. Anayeacha masomo njiani hana cheti, lakini deni analo."

Waya alifuta macho kwa kiganja. Mtu aliyezoea kufungua vitu haambiwi mara mbili. Alichukua namba ya kijana wa bango, akatoka nje na simu.

Alirudi baada ya saa nzima, na kesho yake akaendelea. Kijana alikuwa amemuunganisha na wenzake aliosoma nao. Wengine walijibu kwa aibu, wengine kwa hasira, wengi walifurahi kuulizwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Alhamisi jioni Waya aliwakalisha wazazi wake.

"Walianza arobaini," akasema. "Waliomaliza ni ishirini na sita."

"Na wengine kumi na nne?" fundi akauliza.

"Wameacha. Wanadaiwa."

Baba alikunja uso. "Endelea."

"Mwaka wa kwanza, aliyekuwa katikati alipata laki sita. Watano walikaa mwaka mzima bila kazi. Wa kwenye milioni na nusu hayumo. Hata mmoja."

Baba alichukua kikombe chake, akakipeleka mdomoni, kisha akagundua kwamba kilikuwa kitupu.

Ijumaa walikwenda chuoni wote watatu. Karani aliwapokea kwa tabasamu lile lile. Akanyoosha mkono kuchukua karatasi. Fundi hakuzitoa mkobani.

"Leo nina swali jingine," akasema. "Sitaki kwa mwezi. Nataka yote. Mpaka siku ya mwisho tutakuwa tumelipa ngapi?"

Tabasamu la karani lilipungua kidogo. "Mama, watu huwa hawaulizi hivyo."

"Mimi nauliza."

Karani alibonyeza kompyuta yake kwa muda. Kisha akaigeuza ili waone. Milioni arobaini na sita. Ilikuwa ile ile ya chaki. Fundi alikuwa anaijua tayari, lakini kuiona pale, imeandikwa na chuo chenyewe, kulimchoma upya. Mumewe alikuwa bado ameshikilia tumaini kwamba Mama Riba amekosea. Aliisoma namba ile, akaisoma tena, akashika ukingo wa dawati.

"Na tukishindwa kulipa?" baba akauliza.

"Basi dhamana itafanya kazi yake."

"Yaani kiwanja."

"Na vifaa," karani akasema kwa sauti ya chini. Alionekana naye hakufurahi kusema.

"Na wahitimu wenu wa mwaka jana, wa katikati analipwa ngapi?" Waya akauliza.

"Takwimu hizo hatuna hapa."

"Mimi ninazo," Waya akasema, na hakusema kwa kiburi. "Mkizitaka nitawaletea."

Walitoka bila kutia saini. Walipofika nyumbani baba alipanda kwenye kochi, akaanza kulibandua bango, taratibu sana, pembe baada ya pembe. Fundi alidhani mumewe ana majonzi. Kumbe alikuwa anaogopa kubandua na rangi, maana ule ukuta alikuwa ameupaka mwenyewe.

"Kesho nitawaambia kazini," akasema akiwa bado juu ya kochi. "Wacheke wakitaka. Afadhali wanicheke wiki moja kuliko nilipe miaka kumi."

Jumatatu Waya na mama yake walianza kutafuta njia nyingine, na safari hii walikuwa na maswali mkononi. Chuo cha ufundi cha serikali kilikuwa mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Hakikuwa na vioo. Kilikuwa na karakana kubwa yenye harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya, na mwalimu mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kilifundisha diploma ya miaka miwili ya kompyuta. Ada yake ilikuwa milioni moja kwa mwaka.

"Akimaliza, anaweza kuendelea na shahada?" fundi akauliza.

"Anaweza," mwalimu akajibu. "Chuo kikuu cha serikali humpokea moja kwa moja mwaka wa tatu, madarasa ya jioni. Shahada ni ile ile ya teknolojia ya uhandisi wa kompyuta."

Fundi alikuwa ameshaumwa na neno zuri. "Hilo limeandikwa wapi?"

Mwalimu aliwatazama juu ya miwani. Halafu akacheka, akawaonyesha makubaliano ya vyuo viwili. Waya aliyasoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini.

Diploma walilipa kwa pesa za mapazia na za rangi. Haikuwa kazi nyepesi. Baba alipaka hospitali nzima mwaka ule, na fundi alishona mpaka vidole vikaota sugu. Waya alilala nyumbani, akala nyumbani, na kila aliporudi alikuta pasi ya mtu inamsubiri mlangoni. Alipomaliza diploma, kampuni ndogo ya kufunga mitandao ilimchukua kama fundi msaidizi. Mchana alifanya kazi. Jioni alisoma shahada.

Hapo ndipo alipokopa, na alikopa ada peke yake. Milioni nne kwa miaka miwili, kupitia chama cha akiba, dhamana ikiwa mshahara wake mwenyewe. Kiwanja hakikuguswa. Mama Riba alimpa neno moja tu la ziada.

"Riba ya kila mwezi ilipe wakati bado unasoma. Ni kama elfu ishirini hadi arobaini. Ukiilipa, haiongezwi kwenye deni. Ulichokopa kitabaki kile kile."

Waya alifanya hivyo. Miezi mingine alilipa riba akakosa viatu. Lakini siku aliyovaa joho, alidaiwa milioni nne. Haikuzidi hata senti.

Mwezi uliofuata kampuni ilimpandisha cheo. Mkataba ulisema laki saba na nusu. Siku ya mshahara, fundi alikuwa anakunja mapazia ya mteja. Waya aliingia akiwa ameshika simu, uso umempauka.

"Mama, zimeingia. Laki tano na themanini."

Fundi aliacha kitambaa kikaanguka. "Zingine ziko wapi?"

"Kodi. Pensheni. Bima. Nikiwa msaidizi sikuwa nakatwa, nikasahau kwamba wanakata kabla."

Baada ya maswali yote, baada ya chaki na makubaliano na maandishi madogo, bado kulikuwa na kitu ambacho hawakukiuliza. Fundi alitafuta kiti. "Na rejesho la mkopo?"

"Laki moja na elfu thelathini na tatu. Limeshakatwa sasa hivi. Kwa miaka mitatu, halafu basi."

Fundi alianza kuhesabu kwa midomo. Hakutaka kufika mwisho wa hesabu ile. Katika nyumba hii mshahara haukuwahi kufika jioni. Ulikuwa unaingia na kutoka kwa mlango huo huo.

"Zimebaki ngapi, mwanangu?"

"Laki nne na elfu arobaini na saba."

"Baada ya kulipa deni?"

"Baada ya kulipa deni."

"Na ule mkopo mwingine? Ule wa chuo cha vioo?"

Waya alikuwa ameshaihesabu. "Zingebaki laki moja na elfu tisini na sita. Kwa miaka kumi. Nisingeweza hata kupanga chumba."

Fundi alimtazama binti yake kwa muda, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Hakuyafuta. Aliogopa vile alivyokaribia kutia saini, aliogopa sasa kuliko alivyoogopa siku ile.

Waya alikuja akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, kama alivyokuwa akikaa zamani na redio zake.

"Mama," akasema, "kesho nakwenda mjini. Nikuletee nini?"

Fundi alifungua mdomo kujibu. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akiuliza swali lile, na mara nyingi aliliuliza hana kitu mfukoni. Hakuwahi kuulizwa na mtu mwenye pesa mkononi. Alifikiri, akafikiri tena, kisha akajibu, "Chochote, mwanangu, ila uliza kwanza bei yote."